Damu isioshwe kabla haijasomwa

Yeyote aliyewahi kuishi katika ploti za Kimbo, Kwihota, Makongeni au Kiandutu anaijua asubuhi ya aina hii. Ukemi unasikika kutoka mlango wa nane. Majirani wanatoka na leso viunoni, watoto wanapenyeza vichwa kati ya miguu ya watu wazima, wanabodaboda wanaegesha pikipiki langoni. Mtu wa kwanza anaingia kuona kama mwenzao angali anapumua. Wa pili anaingia kumfunika kwa blanketi lililovutwa kitandani humo humo. Wa tatu anaingia kwa sababu wawili wamekwisha kuingia. Polisi wanafika na Land Cruiser, mwili unabebwa hadi mochari, na kabla ya jua kutua mwenye ploti ametuma ndoo, brashi na chupa ya Jik. Mwezi ukiisha, chumba kina mpangaji mpya.

Hakuna miongoni mwao aliyenuia uovu. Aliyefunika aliistahi maiti. Aliyeosha aliona si utu damu ya binadamu kukanyagwa na watoto wanaokwenda shule. Hata hivyo, watu hawa wema wamemnyamazisha shahidi pekee aliyekuwepo chumbani tangu pigo la kwanza hadi la mwisho. Gazeti hili linalisema jambo hili bila kuzunguka: Thika na Ruiru zinaosha ushahidi wa mauaji yanayotokea ndani yake, na vyombo vilivyopewa jukumu la kuulinda ushahidi huo mara nyingi vinachelewa kufika, au vinafika na kuukanyaga.

Miji hii imeacha zamani kuwa vituo vya kahawa na mananasi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 Ruiru na 251,407 Thika. Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa 2012, mashamba yamegeuka ghorofa, na ghorofa zimejaa vijana waliotoka kila pembe ya nchi kutafuta riziki. Kijijini, mtu akiuawa, ushahidi ulikuwa vinywani mwa watu: nani alikosana na nani juu ya mpaka, nani alionekana akishuka mtoni usiku, nani hakulala kwake. Katika jengo la vyumba 40 kando ya Eastern Bypass, jirani humjua jirani kwa viatu vilivyo mlangoni. Hajui jina lake, hajui kwao, na akisikia kishindo usiku huongeza sauti ya redio. Mahali ambapo majirani hawana la kueleza, kinachobaki kueleza ni ukuta, sakafu na godoro.

Ndiyo maana suala hili haliwezi kusubiri. Januari 2024 taifa lilitetemeshwa na mauaji ya wanawake katika nyumba za kupanga kwa muda mfupi, mojawapo Roysambu, kando ya barabara hii hii ya Thika, na tarehe 27 ya mwezi huo maelfu wakaandamana katika miji mbalimbali. Polisi wenyewe walitangaza kwamba wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba 2024. Januari 2025 Rais William Ruto akaunda jopo la watu 42 chini ya aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, Nancy Baraza, kuchunguza janga hilo. Mauaji ya namna hii hutendwa nyuma ya mlango uliofungwa, mara nyingi na mtu anayefahamika na marehemu, ambaye alama zake za vidole zimejaa vikombeni kihalali. Alama ya kidole kwenye kikombe haithibitishi chochote dhidi ya mtu aliyekuwa akinywa chai humo kila wiki. Damu ya marehemu ndani ya mshono wa kiatu chake ni habari nyingine kabisa.

Kinachopotea pale ndoo inapomwagwa ni kikubwa. Tone la damu lililodondoka wima kwenye simenti huacha duara. Lililorushwa kwa pembe hurefuka kama mbegu ya tikiti, na ncha yake huonyesha lilikokuwa linaelekea. Mtaalamu hupima upana wa doa na urefu wake, hupiga hesabu ya pembe, kisha huvuta uzi kutoka kila doa kwa pembe hiyo mpaka nyuzi zikutane mahali fulani hewani. Hapo ndipo kichwa kilipokuwa wakati wa pigo. Nyuzi zikikutana karibu na sakafu, mtu alipigwa akiwa chini, na maelezo ya mshukiwa kwamba walikuwa wakipigana wamesimama yameporomoka. Mahali palipo safi katikati ya ukuta uliochafuka pana maana pia: kuna kitu au mtu aliyesimama pale, na damu iliyokosekana ukutani imo kwenye nguo zake.

Wakenya wameona kwa macho yao nguvu ya usomaji wa damu. Juni 2025, Albert Ojwang alipokufa akiwa mikononi mwa polisi jijini Nairobi, maelezo ya kwanza yaliyotolewa ni kwamba alijigonga kichwa ukutani. Daktari wa serikali wa uchunguzi wa maiti, Bernard Midia, pamoja na wenzake walikuta damu iliyovilia chini ya ngozi ya kichwa ikiwa imetawanyika usoni, pembeni na kisogoni, na dalili za kubanwa shingo. Mtu hajigongi pande zote za kichwa. Maelezo yale hayakusimama tena. Mwili ule ulisomwa kwa sababu ulihifadhiwa na kuchunguzwa na watu waliojua walichokuwa wakitafuta. Chumba cha ploti hakina bahati hiyo.

Wapo wanaoamini kwamba hata damu ikioshwa, sayansi itaifufua. Ni kweli kwa kiasi, na ni vizuri wahalifu walijue hilo, lakini ni vizuri zaidi wananchi wajue mpaka wake. Kemikali iitwayo luminoli, iliyoanza kupendekezwa kwa kazi hii 1937 na mwanasayansi Mjerumani Walter Specht, hunyunyizwa katika chumba kilichotiwa giza. Ikikutana na chuma kilichomo ndani ya himoglobini, hutoa mwanga wa samawati kwa sekunde chache, na mpigapicha lazima awe tayari. Mikwaruzo ya dekio huonekana sakafuni kama mawimbi, nyayo hujitokeza, na kijia cha matone huelekea bafuni. Hata damu iliyochanganywa na maji maelfu kwa maelfu ya mara huweza kujitokeza. Tatizo ni kwamba luminoli huwaka pia ikikutana na Jik, na huweza kuwaka ikikutana na kutu au shaba. Chumba kilichosuguliwa kwa Jik huweza kung'aa chote, na mtaalamu akabaki amesimama ndani ya mwanga usiomwambia kitu.

Kwa madoa yanayoonekana hutumika kipimo cha zamani zaidi, kinachojulikana kwa majina ya Kastle na Meyer walioanzisha mbinu hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Doa hupanguswa kidogo kwa karatasi ya chujio au kijiti cha pamba, hutiwa tone la kemikali, kisha tone la hidrojeni peroksaidi. Ikigeuka waridi papo hapo, huenda ni damu. Ikigeuka kabla ya tone la mwisho, kipimo kimeharibika na hakifai. Neno ni huenda. Kipimo hicho hakitofautishi damu ya mtu na ya kuku aliyechinjwa Krismasi nyuma ya jiko. Kipimo kingine hufuata kuthibitisha kwamba ni ya binadamu, na baada ya hapo maabara ndiyo itakayotafuta vinasaba, yaani DNA, ambavyo havimo katika chembe nyekundu bali katika chembe nyeupe zilizo chache zaidi.

Sasa hatua ambayo mashauri mengi hufia hapo. Doa huwekewa rula na kupigwa picha kabla halijaguswa. Afisa huvaa glavu, na kwa kila doa huvaa glavu nyingine. Kijiti cha pamba kisicho na viini hulowanishwa kwa tone la maji safi yaliyochujwa, huzungushwa juu ya doa taratibu hadi kinyonye, kisha kijiti cha pili kikavu hupitishwa hapo hapo. Kijiti cha tatu huchukua sampuli pembeni, mahali pasipo na doa, ili maabara ijue sakafu ile ilikuwa na nini hata kabla ya mauaji. Vyote huachwa vikauke kwa hewa. Havianikwi juani, kwa kuwa jua huvunja vinasaba. Halafu huingia katika kijisanduku au bahasha ya karatasi, hufungwa, hutiwa sahihi, tarehe, saa na mahali. Shati au suruali iliyolowa haikunjwi. Hutundikwa peke yake juu ya karatasi safi katika chumba kinachofungwa kwa ufunguo, na ikishakauka huingia katika mfuko wa karatasi.

Karatasi, si plastiki. Damu mbichi ndani ya plastiki hutoa jasho, na katika joto la mchana la Thika bakteria na ukungu huanza kazi mara moja. Baada ya siku chache kinachofika maabara ni uozo wenye harufu ambao haumtaji mtu yeyote. Bahasha ya kaki inauzwa kwa shilingi chache katika kila duka la vitabu mjini Thika. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017 haiwezi kusema haijui mfuko wa karatasi. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu kila lawama ikitolewa jibu huwa ni ukosefu wa fedha. Yako mambo katika kazi hii yanayohitaji mamilioni. Bahasha si mojawapo.

Wanaodhani haya ni madogo wakumbuke Los Angeles, Juni 1994. Idara ile ya polisi ilikuwa na maabara, magari na wataalamu ambao Thika na Ruiru zitasubiri miaka kuwapata. Katika mauaji ambayo O. J. Simpson alishtakiwa, polisi walimfunika marehemu kwa blanketi lililotolewa ndani ya nyumba yake. Sampuli za damu zikiwa na unyevu zilitiwa katika plastiki na kukaa ndani ya gari lenye joto. Mpelelezi mmoja alitembea na kichupa cha damu ya mshukiwa kwa saa kadhaa, tena akakifikisha nyumbani kwa mshukiwa, badala ya kukikabidhi moja kwa moja. Mawakili wa utetezi walihitaji mianya hiyo tu. Oktoba 3, 1995 mshtakiwa aliachiliwa. Lile blanketi la Los Angeles ndilo lile lile la Kimbo.

Kiambu ina maadui wake zaidi. Udongo wetu mwekundu, unaosifiwa kwa kahawa, huficha damu machoni, na asidi zilizomo udongoni huweza kuzuia upimaji wa vinasaba. Sakafu zilizopakwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa nta humeza matone mpaka mwanga uelekezwe kutoka pembeni. Mvua ya dakika 20 humaliza ushahidi wa kichochoro kizima. Na mito iko karibu. Chania na Thika hukutana hapa mjini, na mbele kidogo ndiko yaliko maji ya Ol Donyo Sabuk, walikotupwa wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao Joseph Muiruri mwaka 2016. Waliowatupa, ambao miongoni mwao walikuwamo maafisa wa polisi, walijua maji hufanya kazi gani. Mashtaka yalilazimika kujengwa kipande kwa kipande, mawasiliano ya simu yakiwa nguzo kubwa, na hukumu ikapatikana Julai 2022, miaka sita baadaye. Kesi ile ilikuwa na macho ya dunia nzima. Kesi ya mwanamke aliyeuawa Gachororo haina macho ya mtu isipokuwa mamake.

Mahakama zetu haziwezi kulaumiwa. Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 2003, katika rufaa ya Joan Chebichii Sawe, kwamba shuku hata ikiwa nzito namna gani haiwezi kusimama mahali pa ushahidi. Jaji anayesikiliza shauri ambalo kielelezo chake kikuu ni fulana iliyooza ndani ya mfuko hana la kufanya. Wakili atauliza fulana hiyo ililala wapi usiku wa Ijumaa, nani alikuwa na ufunguo, na kwa nini sahihi ya aliyeipokea Jumatatu si ya aliyeitoa Jumamosi. Yakikosekana majibu, mshtakiwa huenda nyumbani. Umma huimba kwamba jaji amehongwa. Ukweli huweza kuwa mchungu zaidi, kwamba kesi iliharibika sakafuni siku ya kwanza.

Upande wa pili wa mizani unasahaulika sana. Damu iliyotunzwa vizuri humwokoa asiye na hatia. Katika kesi ya kwanza ya mauaji duniani kuamuliwa kwa vinasaba, huko Leicestershire, Uingereza, kijana wa miaka 17 alikuwa amekwisha kukiri mauaji ambayo hakuyatenda. Kipimo cha mwanasayansi Alec Jeffreys kilimsafisha, kisha maelfu ya wanaume wa eneo hilo wakatolewa damu au mate, na muuaji mwenyewe, Colin Pitchfork, akahukumiwa Januari 1988. Hapa kwetu Katiba, katika Kifungu cha 49, inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Anafikishwa, halafu polisi wanaomba siku zaidi, wakisubiri ripoti ya maabara. Siku huzaa wiki, wiki huzaa miezi. Kijana aliyekuwa mpenzi wa marehemu anakaa rumande, kazi ya mjengo imekwisha, kodi imelimbikizana, na jina lake limekwisha kuhukumiwa mtaani. Kama ni yeye, familia ya marehemu inacheleweshewa haki. Kama si yeye, muuaji ana miezi hiyo yote ya kujipanga.

Kuchelewa kwa maabara tumekuona kwa uchungu Shakahola. Ufukuaji wa makaburi ya halaiki huko ulianza Aprili 2023, na miili ya kwanza iliyotambuliwa kwa vinasaba ilikabidhiwa familia zake Machi 26, 2024. Karibu mwaka mzima wazazi walirudi na kuondoka mochari ya Malindi mikono mitupu. Kazi ile ilikuwa kubwa kupita kiasi, tunakubali. Lakini ilifichua jinsi nchi ya mamilioni ya watu inavyotegemea meza chache za Mkemia Mkuu wa Serikali na kemikali zinazoweza kuisha.

Maabara ya Taifa ya Idara ya Upelelezi wa Jinai iliyoko Kiambu Road, iliyofunguliwa Juni 2022 na Rais Uhuru Kenyatta, ilikuja kupunguza mzigo huo. Kutoka Ruiru ni mwendo usiofika saa moja barabara ikiwa nyeupe. Tuliifurahia siku ilipofunguliwa na tungali tunaifurahia. Lakini maabara hupima inacholetewa. Haiwezi kushuka Kiandutu kumzuia mtu na ndoo. Umbali unaoua kesi zetu ni ule wa kutoka kituo cha polisi hadi mlango wa nane, na saa zinazopita kati ya simu ya kwanza na kuwasili kwa afisa mwenye kamera, rula na vijiti vya pamba.

Sheria nayo haijalala. Kifungu cha 122A cha Kanuni ya Adhabu kinampa afisa wa cheo cha inspekta kwenda juu uwezo wa kuagiza kwa maandishi mshukiwa wa kosa zito achukuliwe sampuli ya vinasaba. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 77, inaruhusu ripoti ya mkemia wa serikali ipokelewe kortini. Kilicholala ni sheria ya 2017 ya Huduma ya Taifa ya Makorona, iliyokusudiwa kuunda ofisi huru ya kuchunguza kila kifo cha mashaka. Bunge liliipitisha, Rais akaitia sahihi, miaka imepita na ofisi hiyo haijasimama kama sheria ilivyoagiza. Matokeo yake, polisi ndio wanaofika kwanza, ndio wanaobeba mwili, ndio wanaolinda eneo, na anapotuhumiwa polisi mwenzao bado ni wao. Hatuwezi kuendelea hivi na kujiita nchi ya Katiba.

Tunatamka basi. Mkuu wa polisi wa Kaunti ya Kiambu atoe amri ya maandishi kwa vituo vya Thika, Juja na Ruiru kwamba mwili wa mtu aliyeuawa hautoki mahali ulipo kabla ya picha kupigwa na madoa kuchukuliwa, isipokuwa pale ambapo kuna maisha ya kuokoa. Uhai kwanza, hilo halina mjadala. Afisa wa kwanza kufika awe na utepe, glavu na daftari, na kazi yake ya kwanza iwe kuandika jina na saa ya kila aliyevuka mlango, yeye mwenyewe na mkubwa wake wakiwamo. Wakubwa ndio wanaoingia bila kuulizwa, na ndio wanaoacha nyayo nyingi zaidi.

Afisa mwenye ujuzi wa eneo la uhalifu awe zamu usiku na mchana kati ya Thika na Ruiru, na gari lenye mafuta. Juja, katikati ya miji hii, kuna chuo kikuu cha JKUAT chenye watu wanaofundisha bayokemia kila siku. Thika kuna Chuo Kikuu cha Mount Kenya chenye shule ya udaktari. Ni ajabu kwamba ujuzi huo uko umbali wa kutembea kwa miguu na bado polisi wa doria hajawahi kuonyeshwa jinsi ya kukausha kijiti cha pamba. Mafunzo ya siku moja kwa kila askari wa kituo yangebadili kesi nyingi kuliko hotuba za mwaka mzima.

Wenye ploti na wasimamizi wao wana wajibu wao pia, na hapa tunawasihi badala ya kuwatisha. Akitokea mtu ameuawa ndani ya jengo lako, funga mlango, simama nje yake na usimruhusu mtu kuingia mpaka polisi wafike. Usifunike mwili kwa kitu cha chumbani. Zuia watu wasitazame, hiyo ndiyo heshima. Bomba la ua lifungwe, kwa kuwa muuaji huenda alinawa pale na damu ingali imenata chini ya mdomo wake. Choo kisimwagwe maji. Kamati za Nyumba Kumi, ambazo hukutana kujadili taka na taa za barabarani, zilichukue somo hili na kulifikisha kila mlango. Na mzazi ambaye mtoto wake amenajisiwa, pamoja na kishindo chote cha moyo wake, asimwogeshe na asifue nguo. Azitie katika mfuko wa karatasi na ampeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu saa 72 za kwanza hubeba tiba na ushahidi kwa pamoja.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Damu huzoleka, ila kwa saa chache tu. Kila mauaji yasiyotatuliwa humfundisha mtu fulani kwamba inawezekana, na mtu huyo hupanga chumba kingine, katika mtaa mwingine wa barabara hii hii, kwa jina jingine. Familia nazo hujifunza. Zinapoona kesi ya tatu ikianguka, huacha kwenda kituoni na kuanza kuwatafuta vijana wenye mapanga. Tumewahi kuona katika nchi hii jinsi uchomaji wa washukiwa unavyoanza, na kwamba anayechomwa mara nyingi si aliyeua.

Kwa Waziri wa Usalama wa Ndani tuna ombi moja lenye tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Katika makadirio yajayo tunataka kuona vyumba viwili vya kutunzia vielelezo, kimoja katika kituo cha Thika na kingine cha Ruiru, kila kimoja na jokofu lenye umeme wa akiba, waya za kutundikia nguo zilizolowa, rafu zinazofungwa na daftari la makabidhiano linalokaguliwa na afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kila mwezi. Mwanasheria Mkuu naye alieleze Bunge, kabla halijaenda likizo, ni lini korona wa kwanza wa Kenya ataapishwa.